Pazia la Mkono Mwepesi

Shangazi yangu ni msusi. Mtaani wanamwita Mkono Mwepesi, kwa sababu akikusuka husikii maumivu, hata zile nywele fupi za kisogoni ambazo wasusi wengine huzivuta mpaka nyusi zikapanda juu. Watoto hulala mapajani mwake kabla hajafika katikati ya kichwa. Nimewaona na watu wazima wakilala, wanakoroma kabisa, na fundi viatu anayekaa barazani kwetu anagonga ukuta kwa nyundo yake na kuuliza, "Mkono Mwepesi, humo ndani unasuka au unapasua mbao?"

Chumba chenyewe ni kimoja. Mbele kina mlango unaotazama barabara, nyuma kina mlango wa kutokea uani, na katikati kuna pazia la kitambaa kizito cha kijani. Upande wa barabara kuna benchi na picha za mitindo ya nywele ambazo jua limezila mpaka wanawake wote wamekuwa rangi ya samawati. Nyuma ya pazia kuna kiti, kioo, beseni la kuoshea, na pipa kubwa la maji.

Hilo pazia ndilo kazi ya Shangazi hasa. Wasusi wengine husukia mlangoni ili wapita njia waone mkono. Shangazi hataki. Kwake hakuna anayevua kitambaa kabla pazia halijafungwa, awe mtoto, awe bibi harusi. Nilipokuja kuishi naye, baada ya baba yangu, ambaye ni kaka yake, kufariki, nilimwuliza kwa nini tunajificha kama tunaiba. Akanijibu, "Ngoja uone vichwa."

Nikaviona. Kichwa kina mengi. Kuna aliyenyonyoka nywele upande mmoja kwa sababu mtu wa nyumbani kwake amemvuta. Kuna mwenye kovu ambalo hata mumewe halijui. Kuna mwenye mba, mwenye chawa, mwenye mapunye, yale madoa ya mviringo yanayokula nywele za watoto. Kuna aliyeota mvi akiwa bado binti na anataka zifichwe ndani ya msuko. Shangazi anavitazama vyote kwa uso uleule, kisha anaosha, anachana, anasuka. Na akishamaliza, hajui kitu. Ukimwuliza fulani ana nini kichwani, anakwambia, "Ana nywele."

Kazi yangu mimi ni vitana na maji. Kila kitana kikitoka kichwani kinaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, hata kama mteja anayefuata ni mdogo wake yule aliyetoka. Na kila alfajiri tunajaza pipa kwa ndoo kutoka kwenye bomba la mtaa, hata wiki ambayo mabomba ya ndani yanatoa maji usiku na mchana. Fundi viatu hucheka sana.

"Mkono Mwepesi, unangoja gharika?"

"Ningengoja gharika," Shangazi anamjibu, "ningekuwa nachonga mashua, na wewe nisingekupakia."

Jioni, kabla hatujafunga mlango, ninamsomea Injili. Macho yake yamechoshwa na nywele nyembamba, haoni maandishi madogo. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nasoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Yeye hana haraka. Anasikiliza huku anakunja taulo, halafu ghafla anasema, "Rudi nyuma. Soma tena hapo." Nasoma tena. Kesho yake nakiona kile nilichokisoma kinatembea humo ndani kwa miguu miwili.

Tulisoma mahali ambapo Yesu anasema ukifanya karamu uwaalike wasioweza kukualika nao. Kesho yake asubuhi Shangazi alikwenda sokoni, akarudi amemshika mkono bibi kizee anayebeba mizigo ya watu, akamkalisha kwenye kiti, wateja wazuri wanasubiri kwenye benchi wakiangaliana. Tulisoma mahali pa mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia. Tangu siku hiyo, shule zikikaribia kufunguliwa, watoto wasio na wazazi wanaingia kwa mlango wa uani, wanatoka wamesukwa, na barabarani hakuna ajuaye. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu mdogo kanisani, yananipita kama wimbo ninaoupenda. Shangazi alikuwa anayasikia vile fundi nguo anavyosikia vipimo: bega hivi, kiuno hivi, haya, kata.

Sasa nimseme Madoido.

Hilo si jina lake, ni la mtaa, kwa ajili ya mapambo na kucha. Alijifunza kazi kwa Shangazi. Alikaa humu chumbani miaka miwili kabla sijaja, akichota maji niliyochota mimi baadaye, akichemsha vitana ninavyovichemsha mimi. Alipojua kazi, alifungua saluni yake ng'ambo ya barabara, tukitazamana nayo uso kwa uso. Vioo ukuta mzima, muziki, mashine za kukaushia zimepangwa kama kofia za askari, tangi la maji juu ya paa. Shangazi alimpa kitana chake kimoja kama zawadi ya kuanzia. Wanaotaka nywele zinyooshwe kwa dawa walikwenda kwa Madoido, wanaotaka kusukwa walibaki kwetu. Barabara ilitutosha wote.

Halafu akaja mtoto wa mapunye. Mama yake alimleta kwetu asukwe. Shangazi akafunga pazia, akafungua kitambaa, akaona. Akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Huyu hatumsuki leo, mwanangu. Mpeleke zahanati, watampa dawa, atapona vizuri tu." Mama akashukuru, akamfunika mtoto, wakatoka. Siku zilizofuata mtoto akanyolewa upara akapakwa dawa, na Madoido akamwona anapita. Mlango wa saluni ulikuwa wazi, wateja wamejaa.

"Si huyu nilimwona anatoka kwa Mkono Mwepesi?" akasema. "Vile vitana vyake vya zamani. Nilijua tu iko siku."

Yule mama alisikia na akanyamaza. Nadhani aliona aibu kusema mtoto aliugulia nyumbani kwake. Na Madoido alijua kabisa anachosema si kweli. Mikono yake ilikuwa imevichemsha vitana hivyohivyo mpaka ikachubuka.

Benchi letu likaanza kupungua watu. Kwanza wale wa mbali, kisha majirani, kisha hata wale wanaolala mapajani. Walipita upande wa pili wa barabara na kutusalimia kwa kupunga mkono, wakijishika vitambaa vyao kana kwamba upepo wa kwetu una ugonjwa.

"Shangazi, sema!" nilimwambia. "Sema mtoto alikuja nayo. Mlete hata mama yake hapa."

"Nikisema," alinijibu, "nimemvua yule mtoto kitambaa barabarani."

"Kwa hiyo wewe ndiye uvuliwe?"

Alikuwa anakunja taulo ambalo halikutumika siku hiyo, wala jana yake.

Jioni hiyo somo lilitufikisha pale tunapoambiwa tuwapende adui zetu na kuwaombea wanaotufanyia mabaya. Nilisoma neno kwa neno. Nikangoja aniambie nirudi nyuma. Akasema, "Hapo pita."

Nikapita.

Kesho yake, kabla hata sijafungua kitabu, akasema, "Rudi pale nilipokwambia upite." Nikasoma. Akaweka mikono mapajani, akafumba macho, akaomba kwa sauti.

"Bwana, mbariki yule mwanamke wa ng'ambo ya barabara."

Fundi viatu anakohoa nje.

"Lakini usimbariki sana."

Niliuma mdomo. Shangazi akafumbua jicho moja. "Unacheka nini wewe? Nimwambie uongo? Yeye si anaona?"

Akaendelea hivyohivyo kila jioni. Mbariki, lakini usimbariki sana. Kuna siku alisema, "Mbariki, lakini mguu wake uteleze kidogo," halafu akajirudi mwenyewe, "Hapana, hilo nimelifuta."

Mwenye nyumba akaja. Hana unywele hata mmoja kichwani, lakini alisimama kizingitini amejifunika kichwa kwa kiganja, hataki kuingia.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila chumba cha barabarani kinataka watu. Kikikaa kitupu, nyumba nzima inasemwa. Kuna kijana anauza simu anakitaka. Mwezi huu ukiisha na benchi liko hivi, nampa yeye."

"Nimekusikia, baba," alisema Shangazi.

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri."

Alipoondoka, Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa, akajitazama kwenye kioo. Mimi nilielewa pia. Bila chumba angebaki kuwa msusi wa kuitwa majumbani, na nani angeuita mlangoni kwake mkono unaosemwa kuwa na ugonjwa? Maisha yake yote alikuwa hajafanya kazi nyingine. Kilichokuwa kinaondoka si chumba peke yake, ni mkono wenyewe.

Ikaja siku maji yalipokatika. Mabomba ya mtaa yalikauka tangu asubuhi. Kufika mchana wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la ng'ambo, jua linawawakia, wanalaani. Sisi tulikuwa tumejaza pipa alfajiri kama kawaida. Pazia lilikuwa wazi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumfungia. Shangazi anashona pindo la taulo lililochanika, mimi nafagia sakafu isiyo na nywele.

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo.

Ni Madoido. Kichwa chake chote kilikuwa cheupe, kimepakwa dawa ya kunyooshea nywele mpaka kwenye paji la uso. Amefumba macho, machozi yanatiririka, mikono imetangulia mbele kama kipofu.

"Maji! Dada, maji! Inaniunguza!"

Dawa ile ukiipaka unahesabu pumzi. Ikianza kuuma ngozi unaisuuza hapohapo kwa maji mengi, la sivyo inakula. Kwa hiyo wasusi wana kanuni moja kabla ya zote: fungua bomba kwanza uone maji, ndipo ufungue kopo. Shangazi mwenyewe alimfundisha hivyo, humu humu. Lakini Madoido alishazoea tangi lake la juu ya paa, asiulize lina maji au halina. Alikuwa na sherehe jioni. Aliwatuma wasaidizi wake kula, akajipaka mwenyewe dawa kali, akafungua bomba, bomba likakohoa hewa. Barabara nzima ilikuwa haina maji isipokuwa pipa moja, na alijua liko wapi. Alivuka barabara kule chini, akazunguka nyuma ya nyumba ili watu wa ndoo wasimwone.

Shangazi alisimama. Nilimtazama usoni, na siwezi kusema nilichokiona pale kilikuwa upendo. Kilipita kitu kingine, kikali. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, pazia wazi, na pale barabarani walikuwapo wote: wanawake wote wa mtaa na ndoo zao, wale waliotupungia mkono. Shangazi hakuhitaji kusema neno. Angekaa tu kama alivyo, sindano mkononi, na kumwacha Madoido apige kelele mara moja zaidi. Mtaa ungekuja kuona mwenyewe nani anaunguza vichwa.

Akatembea. Hakwenda kwa Madoido. Alikwenda kwenye pazia, akalivuta mpaka mwisho, akalibana na ukuta lisiache upenyo.

"Lete jagi," aliniambia.

Akamshika Madoido mabega, akamwinamisha juu ya beseni, akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya macho yake kama ukingo. Akamimina. Nikachota, akamimina. Povu jeupe likashuka, harufu ikatukaba koo. Hakuvaa mipira ya mikono, haikuwapo nafasi ya kuitafuta, na nikaona vidole vyake vinakuwa vyekundu.

"Usikune. Acha mkono. Mimi nipo, acha mkono."

"Nakufa, Dada."

"Hufi. Pumua. Toa ulimi kama unataka, lakini usifungue macho."

Nywele zikaanza kutoka. Zilitoka kwa mafungu, zinabaki kwenye vidole vya Shangazi. Akaniashiria nitandaze taulo, akawa anaziweka pale taratibu, asiache hata moja ianguke sakafuni. Nami nilikuwa nangoja. Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja mkono ule uwe mzito. Si sana. Japo kidogo, pale nyuma ya sikio, ambapo hakuna ambaye angejua. Nilimjua kwa maombi yake, nilijua usimbariki sana. Nikatazama vidole vile vinavyowaka vikipita juu ya ngozi iliyochubuka, na vilipita kama vinavyopita kwenye utosi wa mtoto mchanga. Nilisahau kuchota. Nilisimama na jagi mkononi, kifua kimejaa, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani kwake akakuta ndani mnawaka taa asiyoiwasha.

"Maji," alisema Shangazi, na nikazinduka.

Sauti ya fundi viatu ikatokea nje ya ukuta. "Mkono Mwepesi! Kuna nini? Nasikia mtu analia."

Madoido akakakamaa mwili mzima.

"Namwosha mteja," alisema Shangazi.

"Mteja? Leo? Nani huyo mwenye roho ngumu?"

"Shona viatu vyako."

Nikaona mabega ya Madoido yanashuka. Hakulia tena kwa sauti. Tuliinamisha pipa kwenye ukingo wake ili tupate maji ya mwisho, na Shangazi akayamimina yote, mpaka kichwa kikatoka safi. Kilikuwa kibaya kukitazama. Utosini hapakuwa na nywele kabisa, kisogoni paliota lengelenge. Shangazi alitafuta kitambaa safi, akakosa, akavua cha kichwani kwake mwenyewe. Mimi naishi naye na sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi mchana. Nywele zake ni nyeupe, nyembamba sana. Alimfunga nacho Madoido, akaniambia nimpeleke zahanati kwa njia ya nyuma ya nyumba.

Muuguzi alimpa dawa ya kupaka na kumwambia kichwa kioshwe kila siku kwa maji safi ya baridi, na asiguse dawa ya nywele mpaka apone. Madoido hakuweza kujiona kisogoni. Na wasaidizi wake hakutaka waone, maana msusi aliyejiunguza mwenyewe, nani ataweka kichwa mikononi mwake? Alivaa wigi kubwa, akawaambia ana kipandauso. Kila mchana akaja kwetu kwa mlango wa uani.

Wakati huo wote ng'ambo ya barabara hakuna kilichobadilika. Wasaidizi wake waliendelea kusema vitana vya Mkono Mwepesi vina mapunye. Hakuwakataza.

Alikuja, akakaa, akavua wigi. Shangazi akafunga pazia, akamwosha, akampaka dawa. Siku za mwanzo hawakuzungumza. Siku moja Madoido akasema, akiwa ameinama, "Kwa nini huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

"Kichwa kinauma, hakiumi?"

"Kinauma kidogo."

"Basi nimeshauliza."

Mimi ndiye nilishindwa. Alipoondoka nilimwambia Shangazi, "Huyu anaoshwa mlango wa nyuma na mlango wa mbele anatuzika. Neno moja tu, Shangazi. Moja!"

Akageuka haraka. "Wewe unadhani mimi silijui neno hilo? Nalala nalo. Naamka nalo. Hapa nikimwosha liko kwenye ulimi, nalisikia ladha yake. Nikilitoa, chumba kitabaki, wateja watarudi. Ila siku nikifunga tena pazia hili na kumwambia mtu avue kitambaa, nitakuwa namdanganya." Akashika ukingo wa beseni. "Mimi si kwamba ni mwema, mwanangu. Naomba kila jioni nisilitoe. Umenisikia ninavyoomba, si unacheka."

Jioni hiyo nilisoma kidogo tu. Akafumba macho. "Bwana, mbariki yule mwanamke wa ng'ambo ya barabara."

Nikangoja "lakini."

Haikuja. Nilifumbua macho, nikamwona amekaa vilevile, midomo wazi kidogo, kana kwamba na yeye alikuwa anaingoja akashangaa haipo. Nje mtu alipita na mkokoteni. Shangazi akasema amina kwa sauti ndogo sana, akaamka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na haukuwa wakati wa kuufunga.

Mwezi ukaisha. Asubuhi hiyo tulijaza pipa kama siku zote. Nilimwuliza tunajaza la nini, chumba chenyewe tunaondoka. "Anayekuja hatakunywa?" alisema.

Mwenye nyumba alifika na kijana wa simu, ambaye alikuwa na futi ya chuma, ile inayojivuta yenyewe ndani ya kiboksi chake. Akaanza kupima ukuta. Shangazi alikuwa amepanda juu ya benchi anabandua picha za wanawake wa samawati, na watu walishaanza kusimama nje, maana mtu anapohamishwa mtaa wote unakosa kazi. Fundi viatu alikuwa ameacha nyundo chini.

Ndipo Madoido akavuka barabara.

Alivuka katikati, mchana kweupe, wigi kichwani na viatu vya kisigino, wasaidizi wake wakimwangalia mlangoni. Watu wakampisha.

"Amekuja kununua kioo," alinong'ona mmoja.

"Hodi," alisema Madoido.

"Karibu," alisema Shangazi, bado yuko juu ya benchi, picha mkononi.

Akapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akakaa. Shangazi akashuka. Alifanya alichofanya maisha yake yote: akashika pazia alivute.

"Liache wazi, Dada."

"Hapana. Hapa hatuvui hadharani."

"Liache."

"Nimekwambia hapana. Chumba bado ni changu mpaka jioni."

Madoido akainuka. Akamtoa Shangazi mkono kwenye pazia, kidole kimoja kimoja, kama mama anavyomtoa mtoto kitu mkononi, akalisukuma mpaka ukutani. Kisha akakigeuza kiti kitazame barabara, akakaa, akavua wigi na kuliweka mapajani.

Utosi wake ulikuwa na makovu ya waridi yanayong'aa, na pembeni vinyweleo vipya vilikuwa vimeanza kuota, laini, vya mtoto mchanga.

"Hivi nimejiunguza mwenyewe, kwa dawa yangu," aliwaambia waliosimama. Hakupaza sauti. "Maji nilipewa hapa. Nimeoshwa hapa mpaka leo, nanyi hamkujua. Na vile vitana, nilivichemsha mimi miaka miwili. Nilipowaambia vina ugonjwa, nilikuwa najua ni uongo."

Akamgeukia Shangazi, sauti ikashuka zaidi, lakini mimi nilikuwa karibu. "Sijui kuomba radhi, Dada. Sijawahi."

Midomo ya Shangazi ilifanya kama inatafuta kitu. Nilidhani sasa atasema lile neno alilolala nalo, au atasema lingine kubwa, la kukumbukwa.

"Inamisha kichwa," alisema. "Maji yasikuingie machoni."

Nikachota. Pipa lilikuwa limejaa. Shangazi akapokea jagi, na mkono ule, ambao sikuwahi kuuona ukikosea, ukatikisika na kumwaga nusu ya maji shingoni mwa Madoido mpaka mgongoni. Madoido akaruka.

"We! Mkono Mwepesi gani huu leo?"

Fundi viatu akacheka kwanza, halafu nje kote. Shangazi naye alicheka, na machozi yakawa yanashuka, asiyafute kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Kijana wa simu alikuwa bado ameshikilia futi yake ukutani. Akamwangalia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akamwangalia Madoido, akawaangalia watu waliojaa mlangoni, halafu akashusha kiganja kutoka kwenye upara wake, taratibu, kama amegundua sasa kwamba kilikuwa hapo. Kijana akabonyeza kiboksi, futi ikarudi ndani na kulia chwap.

Yule mama wa mtoto wa mapunye alikuwamo kati ya watu. Nilimwona. Aliinama, akamnong'oneza mwanawe, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshaota nene. Wakaingia, wakakaa mwisho wa benchi, penye picha ambazo hazijabanduliwa. Mama alitazama chini. Shangazi alipomaliza na Madoido, akamwita.

Mama akasimama, akamshika mtoto kitambaa.

"Pazia," alisema, "unafunga, sivyo?"

"Nafunga," alisema Shangazi, na akalivuta.